Nguruwe Mdogo, Kidogo Tu

Tangazo kwa walimwengu wote, wa mjini na wa mashamba! Mimi, Tjalfe Overgaard, mwanafunzi wa shule ya bweni ya Nørrehede, Jutland ya kaskazini, nikiwa na akili zangu timamu na bila kushurutishwa na mtu, nathibitisha kwamba ndimi mwanadamu pekee katika historia ya shule hiyo aliyemwingiza nguruwe hai kwenye wimbo wa asubuhi, mbele ya wageni wa heshima, asikamatwe.

Mwisho wa tangazo. Nilikamatwa.

Nguruwe mwenyewe alikuwa mali ya Laust, mkulima ambaye zizi lake linapakana na uwanja wetu wa mpira. Alikuwa mdogo, wa rangi ya waridi, mwenye tabia za mkaguzi wa elimu: kila alichokiona alikinusa na hakuna kilichomridhisha. Nilimchukua Jumapili mchana, Laust na mkewe walipokuwa mezani wakila, nikamtia kwenye sanduku la baiskeli ya jikoni, nikamfunika taulo, nikamleta bwenini huku nikipiga mluzi wa mtu anayepeleka viazi.

Chumba nilikaa na Eskild. Eskild ni mlinda mlango wa timu ya mpira wa mikono, ana miguu mirefu isiyotosha kitandani, na ni mtu wa kwanza kucheka mzaha wangu na wa mwisho kuusimulia kwa walimu. Siku hiyo alikuwa Aalborg na timu, kwenye mashindano, hadi Jumatatu mchana. Kitanda chake kilikuwa kitupu. Changu kilikuwa na mimi ndani. Basi mgeni nikampa kitanda cha Eskild, akapanda juu ya mfarishi, lile blanketi nene la manyoya la kujifunikia, akala mikate mitamu ya mdalasini, akalala kama meya. Aliyoyafanya juu ya mfarishi huo kabla ya mapambazuko sitayaeleza, kwa sababu ya adabu.

Jumatatu asubuhi Ditlev alisimama kando ya piano. Ditlev ni mkuu wetu wa shule. Kwetu hakuna bwana wala mheshimiwa; mkuu ni Ditlev tu, na ukimwita mheshimiwa atadhani unamtania, na kweli utakuwa unamtania. Wageni wa halmashauri walikuwa wamekaa safu ya mbele na vitabu vya nyimbo mapajani.

"Leo," akasema Ditlev, mikono kifuani, "namwomba kila mwenye pumzi humu ndani atoe sauti yake bila haya."

Nikafungua mlango wa jikoni kwa kisigino. Mwenye pumzi akaingia, akatoa sauti yake bila haya. Alizunguka piano, akapita chini ya sketi ya mgeni mmoja, akaimba ubeti wote wa pili. Laust alipokuja na mabuti yake alimkwapua, akatutazama wote kwa huruma.

"Huyu ana akili kuliko ninyi," akasema. "Kapenya kwenye tundu la uzio peke yake."

Watu wakaamini. Mimi niliinamisha kichwa kama mtakatifu. Nilikuwa na sababu ya kuinamisha: baada ya ile kesi ya baiskeli ya Ditlev kupandishwa kwenye mlingoti wa bendera, aliniambia kwamba kosa jingine moja tu, nafunga virago kabla ya mtihani.

Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani: nilifua. Nilifua shuka la Eskild na foronya yake, nikavianika. Mfarishi ulikuwa mnene, usingekauka kabla hajarudi, basi nikaupindua ili doa lisionekane, nikauvuta sawasawa, nikaupigapiga. Kitanda kikawa kama cha hoteli.

Eskild alirudi akichechemea. Sakafu ya ukumbi wa Aalborg ilikuwa imemla ngozi ya goti, nyama nyekundu inaonekana, na bandeji hataki kwa sababu zinamng'oa vinyweleo.

"Umenifulia shuka?" akasema. "Wewe?"

"Roho wa usafi kanishukia."

"Basi asishuke kwa wengine tena, abaki hapa hapa. Asante, mshikaji."

Akajitupa kitandani, akajifunika mfarishi mpaka kidevuni.

Wiki hiyo haikuisha vizuri. Goti likavimba, likang'aa kama tufaha. Ijumaa hakuja mezani, na ilikuwa siku ya mkate mweusi na maini ya kusagwa, chakula ambacho Eskild hukifuata hata akiwa usingizini. Nilimkuta kitandani, kitanda kizima kinatetemeka.

"Acha maigizo," nikamwambia. "Mtihani wa hesabu bado uko mbali."

"Baridi," akasema. "Tjalfe, baridi."

Nikamgusa paji la uso. Ungeweza kukaangia yai. Nilikimbia mpaka ofisini kwa Ditlev bila kupiga hodi, na kwa mara ya kwanza Ditlev alinitazama akajua sifanyi mzaha.

Alituendesha mwenyewe hadi hospitali. Mama yake Eskild anaishi Bornholm, kisiwa kilicho mbali upande wa pili wa nchi, naye alisema kwenye simu kwamba anapanda feri ya kwanza atakayoipata. Mimi nilikaa nyuma, nimemshika Eskild bega, na sikuweza kutulia. Kila kijiji tulichopita nilikiona kimeweka taa nyekundu kwa ajili yetu.

Daktari aliyempokea aliitwa Vibeke. Mwanamke mfupi, nywele za mvi zilizokatwa kama za askari, anaongea huku mikono ikifanya kitu kingine.

"Maswali yetu ya kila siku," akasema. "Una mzio wa dawa yoyote?"

"Hapana."

"Umelazwa hospitali ya nje ya nchi karibuni?"

"Hapana."

"Umekuwa karibu na nguruwe hai?"

Katika nchi yenye nguruwe wengi kuliko watu, swali hilo huulizwa kwenye kila mapokezi ya hospitali. Mimi, mtoto wa mjini, sikulijua. Nilidhani Ditlev kamnong'oneza. Nikahisi masikio yanawaka, nikaanza kusoma kwa makini tangazo la kunawa mikono lililobandikwa ukutani.

Eskild, meno yakigongana, akafungua jicho moja. "Nalala chumba kimoja na Tjalfe," akasema. "Hiyo inahesabika?"

Vibeke akacheka. Ditlev akacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikapiga na ukuta.

"Aina hiyo hatuipimi," akasema Vibeke. "Kwa hiyo hapana?"

"Hapana," akasema Eskild. Naye alikuwa anasema kweli yote aliyokuwa nayo.

Wakampa dawa ya jamii ya penisilini kwenye mshipa. Tukaambiwa kesho atakuwa na nafuu.

Kesho haikuwa na nafuu. Tulipofika Jumamosi asubuhi, uso wa Eskild ulikuwa na rangi ya majivu, anapumua haraka haraka kama mbwa aliyekimbizwa. Nikamwambia mama yake yuko njiani na kwamba kipa wa akiba ameanza kuota ndevu kwa furaha. Hakucheka. Aligeuza macho tu, kana kwamba nami nilikuwa ukuta. Eskild asiyecheka sikuwa nimewahi kumwona, na sikujua niweke wapi mikono yangu.

Nikatoka kwenye korido. Kulikuwa na mashine ya kakao. Nilibonyeza kitufe, nikaacha kikombe, nikabonyeza tena. Nilikwenda mpaka kwenye lifti, nikaiita, ikaja, sikupanda. Nikarudi.

"Kaa, Tjalfe," akasema Ditlev.

"Nimekaa."

"Umesimama."

"Nimekaa kwa ndani."

Vibeke akatoka chumbani, akachukua moja ya vikombe vyangu vya kakao bila kuuliza ni cha nani, akakaa karibu na Ditlev.

"Kuna bakteria kwenye damu," akasema. "Imeota kwenye chupa za maabara. Chini ya darubini imekaa vishada vishada, kama zabibu. Stafilokoka. Imeingilia pale gotini, na sasa inatembea mwili mzima."

"Lakini si anapewa dawa?" akauliza Ditlev.

"Anapewa. Ndiyo maana nina wasiwasi. Ingekuwa imeshaanza kumsaidia. Shinikizo la damu likishuka tena, tunamhamishia chumba cha mahututi."

"Kwa nini isimsaidie?" nikauliza, kwa sauti ya kijana apendaye sayansi. Sijawahi kuipenda sayansi.

Vibeke alinitazama, nafikiri akaona rafiki mwenye hofu tu, akanisogezea kiti. Sikukaa.

"Bakteria ana ukuta," akasema. "Kila siku anaujenga, na ana fundi wa kuujenga. Penisilini inakwenda inamshika fundi mkono, haachiliwi. Ukuta unabaki na matundu, bakteria anapasuka. Umenielewa?"

"Ndiyo."

"Sasa kuna wengine wana jeni ya ziada. Jeni ni maelekezo, basi. Maelekezo ya kumtengeneza fundi wa pili, ambaye mkono wake una umbo jingine. Dawa inamshika fundi wa kwanza, inafurahi, kumbe wa pili anaendelea kupanga matofali."

"Wameitoa wapi?"

"Kwa wenzao. Jeni hiyo imekaa kwenye kipande kinachochomoka kwa huyu na kujipachika kwa yule. Kama ninyi mnavyopitishiana majibu ya mtihani chini ya meza."

"Shuleni kwetu hawapitishiani," akasema Ditlev.

"Nami nilisoma bweni," akasema Vibeke. Akanywa kakao, akakunja uso. "Wanaonitisha zaidi ni wale wa mazizini. Nguruwe wamepewa dawa ya tetrasaiklini miaka mingi, basi bakteria wao wana jeni ya kuikwepa na hiyo pia. Ndiyo sababu tunauliza lile swali. Mtu akisema ndiyo, hatumpi dawa hii. Kwa hao, dawa hii ni maji."

Nilisikia neno maji, na korido ikawa ndefu.

"Mtajua lini kama anayo hiyo jeni?"

"Maabara wanaisoma. Leo ni Jumamosi, kazi imewazidi. Pengine kesho."

"Na anaweza kungoja mpaka kesho?"

Vibeke akatazama ndani ya kikombe. Ditlev akavua miwani akaanza kuifuta na shati lake, ingawa ilikuwa safi.

"Basi mpeni dawa nyingine sasa hivi," nikasema. "Kwa usalama."

"Hiyo nyingine inaumiza figo, na zake tayari zinalalamika. Tena tukiigawa ovyo, bakteria watajifunza na hiyo. Ninahitaji sababu, Tjalfe. Sababu moja tu, nampa dakika hii."

Wasomaji wapendwa, shujaa wa hadithi angesema hapo hapo. Mimi nilikwenda mpaka kwenye lifti. Nilifikiria virago vyangu. Nilifikiria baba yangu aliyeko mjini Esbjerg, ambaye hasemi kitu anapokasirika, anaosha gari tu. Lifti ikafunguka, ndani yake muuguzi akisukuma kitanda kitupu kilichotandikwa vizuri sana, shuka limenyooshwa bila kunyanzi, na nikageuka nikarudi mbio.

"Kwa mfano tu," nikasema.

"Ndiyo?" akasema Vibeke.

"Mtu akiwa amekutana na nguruwe. Kwa mfano. Kidogo."

Vibeke akaweka kikombe chini. "Amekutana na nguruwe kidogo, au na nguruwe mdogo?"

"Vyote viwili."

"Nani?"

Ditlev alikuwa amevaa miwani tena. Ananitazama. Nikafungua mdomo niseme neno moja, likatoka jingine.

"Sisi," nikasema. "Mimi na Eskild. Tulimchukua nguruwe wa Laust. Yule wa wimbo. Tulimbeba sote."

Vibeke hakungoja niseme zaidi. Alikuwa ameshasimama, anaita kwa jina muuguzi aliye mwisho wa korido, anataja vankomaisini, ile dawa nyingine, anataja chumba, anasema sasa, sasa, sasa. Viatu vyake vilipiga kelele kwenye sakafu. Mlango ukafungwa.

Ditlev akautazama mlango ule. Kisha akasema, "Kwa nini Eskild alimdanganya daktari?"

Hapo nilikuwa na nafasi nyingine. "Alikuwa na homa," nikasema.

Nitakuelezeni kwa nini nilisema sisi. Kosa la watu wawili ni nusu kwa kila mmoja, hiyo ndiyo hesabu ya bweni. Na mkuu hawezi kumfukuza mgonjwa, basi hamfukuzi na mwenzake. Hesabu nzuri, niliipiga yote ndani ya pumzi moja. Tena nilijiambia kwamba sisi ni neno la urafiki. Kisha muuguzi akaja, akanichokonoa pua kwa kijiti kirefu cha pamba, kunipima bakteria, mpaka machozi yakanitoka, na nilishukuru kupata sababu ya kutokwa na machozi.

Siku ile nzima sikukaa. Dawa mpya ilidondoka polepole kutoka kwenye mfuko, tone, tone, nami niliitazama kupitia kioo cha mlango nikitaka kuukamua mfuko kwa mikono. Mama yake Eskild akafika, koti limevaliwa ndani nje. Alinikumbatia. Alisema, "Ahsante kwa kusema, mwanangu." Nilitaka sakafu inimeze, lakini sakafu za hospitali ni imara.

Jumapili maabara wakatoa jibu: jeni ya fundi wa pili ipo, na ile ya kukwepa tetrasaiklini ipo pia. Nguruwe mtupu. Vibeke alisema tungelingoja jibu hilo, pengine angekuwa anaongea na mama mtu maneno mengine. Alisema hivyo akiwa ananitazama mimi, kwa wema, na huo wema uliniuma kuliko kofi.

Homa ilishuka kwa kujivuta. Leo chini kidogo, jioni juu tena, kisha chini. Siku Eskild alipoomba mkate wenye maini nilijua anarudi. Tuliruhusiwa kuingia, tumevaa magauni ya njano na barakoa, mimi na Ditlev, na Vibeke alikuwa pale akimfungua bandeji ya goti. Mama yake alikuwa amekaa dirishani.

"Mshikaji," akasema Eskild, sauti kama karatasi. "Unafanana na ndizi."

Nilicheka. Nilifurahi mno hata nikasahau nani nimekuja naye.

Ditlev akakohoa. Akafunga mikono kifuani, kama siku ile ya wimbo. "Eskild," akasema, "tunamshukuru Mungu kwamba uko hai. Hata hivyo lazima niseme, na nalisema mbele ya mama yako, kwamba ulipoulizwa na daktari ulitoa jibu la uongo, na uongo huo ulikaribia kukuua."

Mama yake akageuka kutoka dirishani. "Eskild?" akasema. "Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Nguruwe," akasema Ditlev. "Tjalfe ametueleza. Mlimchukua pamoja, ile Jumapili, mkambeba wote wawili."

Eskild alikunja uso. Bado alikuwa mnyonge, na mawazo yalimjia polepole, unayaona yakipanda moja moja. Angeweza kunitazama akaelewa, akaubeba mzigo wangu. Nafikiri kama si mama yake angeubeba. Lakini mama yake alikuwa ameshika koti kwa mikono miwili, anamtazama mtoto wake kama mtu aliyemdanganya daktari.

"Jumapili ipi?" akasema. "Jumapili nilikuwa Aalborg. Nilidaka penalti tatu. Mimi nguruwe sikumwona hata mkia."

Ditlev akanigeukia.

"Labda ilikuwa Jumatatu," nikasema.

"Jumatatu nimerudi mchana," akasema Eskild. "Nikakuta…" Jicho likanijia, kwanza moja, halafu la pili. "Nikakuta umenifulia shuka."

"Roho wa usafi," nikasema.

"Tjalfe. Tangu lini wewe unafua?"

Jibu la swali hilo linajulikana na shule nzima: tangu kamwe. Ditlev alilijua, maana ndiye aliyewahi kunirudishia soksi zangu kwa koleo. Nilitazama tangazo la kunawa mikono, maana na humu lilibandikwa. Nilikuwa nimeshalihifadhi.

"Si sisi," nikasema. "Ni mimi. Yeye hakumgusa. Hakujua lolote. Nilisema sisi kwa sababu niliogopa kufukuzwa peke yangu."

"Sasa kama hakumgusa," akasema Ditlev taratibu, "bakteria alifikaje gotini?"

Vibeke alikuwa ameacha bandeji. Alikuwa ameshaelewa, nadhani, lakini aliniachia nilimalize mwenyewe.

"Alilala kitandani kwake," nikasema. "Nguruwe. Usiku mzima, juu ya mfarishi. Akachafua. Shuka nilifua, foronya nilifua. Wallahi nilifua."

"Na mfarishi?" akauliza Eskild.

Gauni la njano lilikuwa linanichoma shingoni. Mama yake alikuwa amesimama. Nilimtazama Eskild na si mwingine, kwa kuwa goti lilikuwa lake.

"Mfarishi niliupindua," nikasema. "Upande wa nguruwe ukawa chini, kwenye goti lako."